Mengineyo

Mwaka wa kumi na tisa huu nachapa mtaala
wa shahada ya uzamili ya mambo ya nje,
Kurasini, dirisha langu likitazama makontena.

Nilipoanza, Vita Baridi ilikuwa na wiki sita.
Profesa Kilatu akaipunguza: nne, kisha mbili,
kisha tanbihi.
Kila jipya la dunia hunifikia hivyo,
karatasi yenye wino mwekundu pembeni: Ingiza hapa.
Nikaingiza ugaidi. Nikaingiza maharamia,
nikawatoa walipopungua.
Mwaka wa barakoa niliingiza chanjo
chini ya kichwa kilichokuwa cha silaha.
Juzi wameniletea akili mnemba;
kompyuta ikaipigia mstari chini, kwamba neno hilo halipo.
Maskini, haijui inatajwa yenyewe.

Kikao cha Aprili kilibishana saa mbili na robo:
mafuriko yakae Usalama au yakae Mazingira?
Dakta Malundi alitaka Usalama,
huko ndiko waliko wafadhili.
Dakta Nyakeoga akasema Uhamiaji, watu si wanahama?
Profesa akasema mambo haya hayana mipaka,
akaomba chai.

Mimi nilikuwa naandika, viatu havijakauka.
Juzi yake usiku Msimbazi uliingia kwangu Kigogo
bila hodi, ukapanda kwenye kochi,
ukajinyoosha kama shemeji aliyetoka safari,
ukaondoka alfajiri na vyeti vya wanangu.
Kesho yake sikufika kazini.
Kwenye daftari la mahudhurio nilijijazia mwenyewe:
Udhuru.

Niliandika yote, ajenda ya kwanza hadi ya saba,
nani alipendekeza, nani aliunga mkono.
Nikafika Mengineyo, ambako hakuna aliyesema neno,
na vidole vikaendelea:
Maji hayakuonyesha pasipoti.

Kumbukumbu za kikao hazisomwi, zinathibitishwa.
Zikathibitishwa.

Septemba, bahasha za mitihani zikiletwa kwangu
kabla ya kupigwa lakiri,
nikakuta swali la nne, alama ishirini na tano:
“Maji hayakuonyesha pasipoti.” Jadili,
ukitoa mifano kutoka nchi zisizopungua tatu.

Nilicheka hadi mlinzi akachungulia.

Majibu niliyaona yakirudi kusahihishwa.
Afisa forodha mmoja, kutoka Holili,
alitaja Uholanzi, Bangladeshi na Malawi,
kwa mwandiko mzuri, akapata ishirini na mbili.
Kigogo hakuitaja mtu.
Siwalaumu, swali lilisema nchi.

Mtaala wa mwakani uko mezani.
Safari hii wameacha ukurasa mmoja mtupu mwishoni,
na Profesa, ambaye siku hizi macho hayamsaidii,
kaandika juu yake kwa penseli, si kwa wino:
Yatakayojiri.
Nilimuuliza, nichape nini hapa?
Akasema, acha nafasi, Mwantumu.

Nimeacha. Nimeupa namba ya ukurasa kama zingine,
nikafunga jalada,
nikaliweka kabatini, rafu ya juu kabisa.