Kabla ya Milango Kufunguliwa

Tartu, Februari. Theluji imeganda kwenye kope za Urve,
foleni ya sinema imepinda hadi duka la viatu.
Kitabu kimo kwapani mwake, jalada lilikwisha zamani,
ukurasa wa tisini una doa la supu ya kabichi
pale msagaji ngano anapojiuliza:
kama hakuna anisikiaye, ni nani anayesema?

Kurasa kumi na mbili baada ya hapo hatamki neno.
"Watapiga picha gani hapo?" anauliza Taavet.
"Gurudumu la kinu likizunguka?"
"Watatia fidla," anajibu mtu nyuma,
na sote tunaguna.

Bango limempa msagaji uso:
taya la kupendeza, ndevu zilizopita kwa kinyozi.
Wangu ana mabega ya mwalimu wangu wa hesabu.
Wa Urve ana masikio ya baba yake,
aliyemsomea usiku umeme ulipokatika,
akafa wakiwa wamebakiza sura moja.

Milango inafunguka.
Tiketi zinaishia kwa Taavet, mtu mmoja mbele yangu.
Urve anageuka, ananitia kitabu mkononi:
"Nishikie.
Nikitoka nimemsahau,
unirudishie."