Masikio ya Kuazima

Shangazi Irja alinipigia: njoo Jumamosi,
kuna mzigo, na mgongo wangu siku hizi hauaminiki.
Nikaja na glavu nene na kamba ya kufungia,
nikijiona hamali,
na hamali haombwi maoni.

Tampere, Februari. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
hesabu ya magitaa matatu, yote yamekazwa mno.
Tramu ilikwaruza reli kama kisu kwenye sahani.
Duka la Tarmo liko chini ya ardhi, ngazi saba,
harufu ya vumbi lililoungua na kahawa ya tangu alfajiri.

"Nataka ya kupigia solo," shangazi akasema.
"Sauti isiyo na meno.
Iliyoiva. Ipite katikati ya wanaocheza
bila kumkanyaga mtu."
Tarmo akaitikia kwa kichwa, kama daktari
aliyekwisha kuusikia ugonjwa huo.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, spika nne, kimo cha friji.
Shangazi akagusa uzi mmoja
na kikombe cha Tarmo kikahama mahali.
"Hii inahutubia," akasema. "Izime."

Ya pili ya transista, nyepesi, bei ya huruma,
kila noti imepigwa pasi na kukunjwa,
ikifika mwisho inakatika, kama mtu aliyebanwa na mlango.
Mimi niliipenda. Kilo tisa.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya pazia:
sanduku la rangi ya chai iliyosahauliwa,
kitambaa kimechanika pembeni,
na vali moja yenye umri wa mama yangu.
"Haikimbizwi," Tarmo akasema. "Acheni ipate moto."
Tukangoja. Theluji ya buti zetu ikawa vidimbwi.
Ndani ya kioo, wekundu ukaja polepole
kama kaa lililopulizwa na mtu asiye na haraka.

Shangazi akachagua noti moja, uzi wa pili, juu karibu na kiuno cha gitaa.
Akaipiga, akaiacha.
Haikuanguka. Ilinenepa kwanza,
kisha ukingoni ikaanza kufumuka, uzi kwa uzi,
na kila mmoja wetu akasahau mikono yake ilipo.

"Inauma?"
Nikadhani anamuuliza Tarmo.
"Wewe, Jyri. Kule juu. Inauma?"

Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya karatasi namba nne.
Mashine ilimlipa mshahara, ikajilipa yenyewe:
ilichukua ndege, birika linapopiga mluzi,
herufi *s* katika majina ya watu.
Gitaa analisikia kuanzia kiunoni kushuka.
Kumbe sikuletwa kwa ajili ya mgongo.

Basi nikasikiliza, mimi ambaye husikiliza redio nikipika.
Akazungusha kitufe. "Hapa?"
"Kuna bati."
"Hapa?"
"Kuna mchanga, kidogo, nyuma ya sauti."
"Hapa?"
"Sasa umeificha kabisa, kama mtu kajifunika blanketi."
Tarmo akacheka, akapunguza bei bila kuombwa.

Nikaibeba. Ngazi saba, kilo ishirini na mbili,
kila ngazi nikiikumbuka ile ya transista kwa mapenzi.

Nyumbani kwake kuta ni za zege.
Akaichomeka karibu na jiko, akapiga noti ile ile,
nami ningeweza kusema uongo, jasho langu lilinidai uongo,
lakini alikuwa ananitazama mdomo.
"Imeota meno njiani," nikasema.

Hakubisha. Akafungua kabati,
akatoa kipande cha ile nguo nzito ya sufu
ambayo mashine hukamulia karatasi maji;
alikikata siku aliyostaafu, hakumwambia msimamizi.
Akakitundika mbele ya spika kwa vibanio viwili vya nguo.

Akapiga tena.
"Na sasa?"

Nilichelewa kumjibu.
Noti ilikuwa bado haijaisha.