Mfereji Mkavu

Januari, bustani ya michezo hulala jicho moja wazi.
Gurudumu kubwa limesimamishwa,
vikapu vyake vimejaa theluji
kama bakuli za uji ulioachwa upoe.
Farasi wa mbao wamevikwa maturubai hadi shingoni.
Kibanda cha peremende kina kufuli, na karatasi:
Tutarudi Aprili.

Ila lango dogo la nyuma, upande wa tramu,
hufunguliwa Jumapili kwa wenye tikiti ya mwaka.
Mimi ninayo. Huu wa kumi na tisa.
Wifi yangu Jagoda haishi kunisema:
nani hulipia baridi
iliyo bure mlangoni kwake?
Kipendacho roho hula nyama mbichi, wifi.
Changu hula barafu.

Mlinzi Zdzisław ananijua kwa kofia.
"Unasafiri, Bronka?"
"Nasafiri."
Ananimiminia chai kwenye kifuniko cha themosi,
anarudi kwenye redio yake na mpira wake.

Kiangazi hapa hupita mto wa saruji
na mashua zenye shingo za bata maji;
dakika kumi na moja, umeshaizunguka dunia.
Piramidi ya plasta. Hekalu la paa jekundu.
Mnara uliopinda kwa makusudi,
na mwingine uliopinda kwa uzee.
Kinanda hakinyamazi, watoto hawanyamazi,
mashua haimngoji mtu:
ukigeuza shingo kuitazama Valparaiso
tayari uko Misri.

Lakini majira ya baridi huyafungulia maji yakaenda zake,
nami nashuka ngazi ya chuma
nikatembea sakafuni mwa mto,
taratibu,
buti zangu mahali pa mashua.

Valparaiso inanifika magotini.
Nyumba za buluu, za manjano, zimeng'ang'ania kilima;
madirisha ni madogo kama vishimo vya vifungo,
na vishimo vya vifungo ndiyo kazi yangu:
miaka thelathini nashona sare za mgodini.
Napangusa theluji juu ya paa moja, jingine.
Nachungulia. Ndani hamna kitu,
waya tu, na buibui aliyekauka.
Hata hivyo nabisha hodi.

Pasipoti yangu imo kwenye droo ya nyuzi,
kurasa zake nyeupe kuliko uwanja huu.
Tuliichukua, yangu na ya Witold,
mwaka aliostaafu.
Tukapiga hesabu ya nauli juu ya karatasi ya bucha,
mara mbili, kwa kalamu ya chaki ya fundi.
Vumbi la makaa kifuani mwake
lilikuwa limekata tikiti kabla yetu.

Leo, chini ya daraja, naona sarafu ndani ya barafu.
Kwa kawaida ni hizi zetu,
za watoto wanaotupa na kuomba baiskeli.
Moja siijui.
Naikwangua kwa mkasi: ndege mwenye mdomo mrefu,
herufi ambazo sijui zinaanzia kulia au kushoto.
Nachuchumaa hadi magoti yananilalamikia.
Basi kuna mtu alivuka bahari ngapi sijui
akafika huku, kwetu,
kwenye moshi na supu ya kabichi,
akasimama juu ya daraja hili la bandia
akaona panafaa kuombea kitu.

Sikuichukua.
Mfukoni sikuwa na sarafu; nilikuwa na kifungo,
cha shaba, cha sare.
Nikakiweka ubavuni pake.

Filimbi. Saa tisa na nusu, na giza linaingia.
"Umefika wapi leo?" Zdzisław anauliza.
"Forodhani tu. Wamenirudisha."
Anacheka, anamwaga mabaki ya chai kwenye theluji,
na pale yalipoangukia pakafunguka doa la hudhurungi,
lenye rasi, lenye ghuba, lenye kisiwa kimoja pembeni.
Tukainama wote wawili kuitazama,
nchi hiyo,
mpaka tramu ilipogonga kengele.