Kilimbili

Kabla redio ya jirani haijasema neno juu ya mvua
kilimbili changu kimeshajua.
Kinaniamsha saa tisa na nusu za usiku,
bila kelele, kama mtu anayedai deni dogo
la miaka arobaini na mmoja,
hataki riba, anataka tu nijue hajasahau.

Nakaa kitako kitandani.
Naupakata mkono wa kulia kwa wa kushoto
kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimlee
na mamake harudi.

Nilikuwa na miaka tisa.
Punda alikuwa wa Bwana Aboud, mbeba mchanga,
jina lake Simu, kwani akilia Gadeni
husikika Langoni.
Lali akasema: panda, nitakushika.
Tulikatazwa sote wawili,
mimi kupanda, yeye kunipandisha.
Akanishika kweli. Halafu akapita muuza barafu.

Nyumbani tulisema: ngazi.
Ile ya nyuma, yenye kidato cha tatu kilichomeguka.
Ngazi haina mdomo, ikakubali.
Siku tatu niliuficha mkono ndani ya mtandio
nikisingizia shibe,
maana wa kulia haukunyanyuka
na wa kushoto hauli.
Bibi akaliona tonge langu limelala siniani.
"Ndoo hapa nikuone."

Akaitwa Famau, fundi wa mifupa ya mbuzi na ya watu.
Akauvuta. Akaupaka simsim na manjano,
akaufunga kwa banzi nne za upongoo.
"Umenyoka," akasema,
na jicho lake moja lilikuwa limeshaingia ukungu.
Haukunyoka.
Mfupa ulijishikiza pale ulipochoka kutafuta.

Leo mkono huohuo ndio unaonilisha.
Hina na piko, mfungo mosi ukiingia
maarusi wanne kwa juma, na shangazi zao, na mashoga zao,
kila mmoja anataka ua lake lisifanane na la mwenzake.
Daktari aliitazama picha ya mfupa, akaniambia: pumzisha.
Nikamuuliza, na mwalimu mkuu naye
nimwambie aipumzishe ada?
Akacheka. Akaniandikia vidonge
vinavyohamisha maumivu kuyapeleka tumboni.

Basi nimejifunza kwenda nayo.
Chumvi ya mawe naikaanga mpaka ilie,
naitia ndani ya soksi ya mwanangu, ile iliyopoteza pacha,
naizungusha.
Ndoo nabeba kwa kiwiko. Nazi anakuna Mwanatumu, akinuna.
Na maua ya duara nimeyaacha,
duara linataka kilimbili kigeuke, nacho hakigeuki.
Nachora kwa bega, majani marefu
yanayoshuka kama yamechelewa mahali.
Wasichana wanasema ni mtindo wa Dubai.
Sikatai.

Lali yuko Malindi, anauza mabati na misumari.
Kila Ijumaa hupiga simu,
hunitumia dawa ya kuchua, ya kijani, inayowasha macho.
"Dada, ile ngazi hamjaitengeneza tu?"
Sijui kama amesahau au ananichunguza.
Uongo ukikaa miaka mingi humea vidato,
unaweza kuupanda hadi darini.
Mara mbili nimefungua kinywa nimwambie: punda.
Mara mbili nimemuuliza bei ya mabati.

Jana, Mkomani, mguu wa Swafia mapajani mwangu,
nusu ya jani imechorwa, nusu bado,
kilimbili kikasema basi.
Sikukijibu. Nikaweka chini kijiti cha piko,
nikakishika mkono kwa chini, watu wasione.
Wanawake walikuwa wakicheka habari ya mtu na wifi yake.
Arusi akainama.
"Somo, mbona umesita?"
"Nangoja wino ukauke," nikamwambia.

Akautazama mguu wake, kisha akanitazama mimi.
Wino ulikuwa umekauka zamani.
Akanisogezea mto, bila neno,
akageuka kusikiliza habari ya wifi.