Kilo Moja ya Mbegu

Ilikuja katika mfuko wa kaki,
imeandikwa tarakimu tu, kama mfungwa.
Anosisye, bibi shamba wa kata, alivua viatu,
akaketi nasi jamvini, akasema:
hii, maji yakiifunika, inabana pumzi.

Mwanamvua alicheka mpaka khanga ikamdondoka.
Kwani mpunga una mapafu?

Sisi wa bonde la Mzinga, chini ya Kongowe, tunayajua maji.
Hayaji peke yake, yanakuja na Dar es Salaam nzima:
chupa za soda, ndala ya mguu mmoja,
godoro lililovimba kama ng'ombe mfu,
mwaka ule hata kabati, vikombe vyake ndani.

Tulipanda Shingo ya Mwali, kama mama zetu.
Jina lilikuwa sifa, likawa ajali:
maji yakipanda, naye alirefusha shingo,
akakimbilia juu kulitafuta jua,
akala akiba yake yote njiani;
na maji yalipoondoka
alilala chini kama nywele za mtu aliyetoka kuoga,
hana nguvu hata ya kuoza vizuri.

Kondo, shemeji yangu, aliukataa mfuko.
"Cha bure kina mwenyewe."
Mimi nilichukua kilo moja. Si kwa imani.
Nilikuwa na deni la kikoba
na majaruba mawili ya chini ambayo hata bata waliyakimbia.

Mwezi wa nne mvua ilianza usiku wa Alhamisi
ikasahau kuacha.
Asubuhi bonde lilikuwa kioo.
Siku ya tatu. Siku ya saba.
Nilisimama juu ya tuta, nimekunja gauni,
nikikisia mahali majani yangu yalipokuwa.
Hakuna ncha iliyojitokeza.
Nilimpigia Anosisye, nikamtukana kidogo.
Akanyamaza, kisha:
"Ndivyo inavyofanya. Haikimbii. Inangoja."

Siku ya kumi na moja maji yalishuka,
yakaacha tope la rangi ya chai ya maziwa,
na ndani ya tope, kijani.
Kifupi, kichafu, kikaidi,
kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda
ugomvi wa wakubwa ukipita,
sasa anatoka, anauliza kama kuna chakula.

Nilikaa pale pale topeni.
Sikulia. Kumbe nami nilikuwa nimebana pumzi,
sijui tangu lini.

Sitawadanganya: wali wake haunukii.
Supa ikichemka, mtaa wa pili wanajua;
huu unaiva kimya, na wateja wa Rangi Tatu
hunusa kiganja, huteremsha bei.
Na maji ya mwezi mzima yangeuua pia,
Anosisye mwenyewe alikiri.
Kwa hiyo kule juu, penye kichuguu,
nimebakiza jaruba la Shingo ya Mwali,
la Idi, la wageni, la kumkumbuka mama.

Lakini sare za shule zilitoka chini.

Jana Kondo alikuja na kopo la rangi, tupu.
Akauliza mbegu inaitwaje. Nikamsomea tarakimu.
"Hilo si jina, hiyo namba ya simu."
Mwanamvua alikuwa akipepeta, hakuinua uso:
"Iite Utanikuta."

Nikampimia mpaka ukingoni,
nikafuta kwa kiganja, kama dukani.
Shemeji ni shemeji. Kopo ni kopo.