Kunyoosha Misumari

Wanasema wanalikarabati lile jengo la Mtaa wa Rufiji.
Mimi naona wanalimenya kama muhogo,
ganda huku, ganda kule,
na lori la Bugumba linasubiri limepanua mdomo.

Msimamizi kaandika daftarini: taka.
Safari nne, taka. Zikamwagwe bondeni,
mvua ikinyesha ziushukie Mirongo,
na mto, kama kawaida yake, ulipelekee ziwa
kila tulichokichoka.

Nikamwambia, kaka, hebu soma tena.
Hii nondo imeshika dari miaka sitini,
haijaomba hata siku moja ikae chini.
Na mbao hizi ni mninga. Nusa.
Ukipitisha msumeno, vumbi lake
utadhani mti umeangushwa jana Tabora.
Akacheka. Mama, chukua,
unanipunguzia pesa ya lori.

Basi ndiyo kazi yangu, mimi Nyanzobe wa Bugarika:
naupandisha mji mlimani, debe kwa debe.
Zege tunalitwanga linarudi kuwa kokoto.
Tofali zilizopona tunazipanga,
zilizokufa zinajaza msingi.
Vigae vyeupe vya maliwato nilimpa Holo,
kavibandika mezani pa genge lake;
siku hizi dagaa wanalala kama wamelazwa Bugando.

Jioni nakaa juu ya jabali na misumari.
Msumari uliopinda haunyooshwi kwa hasira.
Unaulaza, kibiongo juu,
unagonga kidogo, unauzungusha, unagonga,
ta, ta,
mpaka ukumbuke.
Dole gumba langu la kushoto
lina kumbukumbu zake pia.
Kuna siku nafikisha mia tatu.
Kuna siku naitupa nyundo, nakaa tu,
maana mgongo wangu mimi
haujapata wa kuugonga.

Safari ya tatu lilikuja pande zima la ukuta,
rangi ya kijani, na swichi katikati,
nyeusi, duara, ya zamani zile,
waya umekatwa nyuma kama kitovu.
Fundi Mashimba akanyanyua nyundo.
Nikasema hilo hapana.
Tukaliingiza hivyohivyo kando ya mlango,
kimo cha mtoto.

Huku kwetu nguzo za umeme hazijapanda,
zinaogopa mawe.
Lakini kila jioni, Saanane ikianza kufanana na maji,
Lushinge mjukuu wangu anasimama pale,
anafuta mkono kwenye kaptula,
anabonyeza.
Ta.
Na kule chini mji unawaka:
bandari, soko, barabara ya Makongoro,
na lile jengo lenyewe
na vioo vyake vipya, halitujui.

Juzi umeme ulikatika mji mzima.
Giza, mbwa, jenereta moja mbali.
Ndipo sauti ya Holo ikapanda kutoka njiani:
“Nyie! Nani kamruhusu huyo mtoto azime?”