Kanisa Ndani ya Kanisa

Kamati imeniomba historia, kurasa mbili tu,
isomwe kabla Askofu hajakata utepe.
Wanataka majina ya makasisi na miaka yao.
Nimeyapanga, yamo kwenye faili la buluu.
Haya mengine sikujua niyaweke wapi.

Tulianza watu kumi na mmoja
chumbani kwa Mihambo Nkumbi, fundi wa breki za treni,
Ipuli ikiwa bado mashamba ya karanga
na nyumba tatu za bati.
Kila Jumamosi usiku mkewe, Mama Kalunde,
alisukuma kitanda hadi ukutani, akakisimamisha kwa ubavu;
Jumapili, baada ya baraka, akakilaza tena.
Miaka minne.
Daftari la waumini linataja sadaka, hata senti hamsini,
kitanda halikitaji.

Kengele ilikuwa kipande cha reli.
Mihambo alisema alipewa. Hakusema na nani.
Ikigongwa, mbwa wa Ipuli walikuwa wa kwanza kuitika,
Wakristo wakafuata wakifunga vifungo.

Kiwanja tulichopata kilikuwa na kichuguu katikati,
kirefu kumpita mwinjilisti.
Wengine walisema tukatae.
Kina mama wakakipiga majembe, wakakifinyanga,
wakakifyatua matofali hadi likabaki shimo.
Kanisa letu la kwanza lilikuwa kichuguu kilichobatizwa.
Na mchwa hawakusahau kwao:
mwaka wa pili wakala miguu ya meza ya Bwana,
tukashiriki meza ikiwa imeinama
upande wa wanaume.

Kisha mji ukatufuata.
Nguzo za umeme, wapangaji, walimu wapya,
askari wa magereza na wake zao,
vijana wa bodaboda wanaosali wakiwa na kofia ngumu kwapani.
Watoto walisikilizia dirishani,
mahubiri yakiwafikia nusu nusu, kama redio ya jirani.

Kasisi Luhende akasema: tujenge kubwa.
Tukamuuliza: wakati huo tusali wapi?
Akachora mstari kwa fimbo kulizunguka kanisa,
akarudi alipoanzia.
Hapa hapa, akasema. Ndani.

Miaka tisa tulisali kanisani ndani ya kanisa.
Ukuta mpya ulipanda nje ya madirisha yetu,
kozi moja mwaka huu, mbili mwaka ule,
na kila kozi ilichukua kipande cha mwanga.
Tulifika mahali tunawasha taa saa nne asubuhi
ili tusome zaburi ya jua.
Mnadani, boga moja liliuzwa mara sita,
kila mnunuzi akilirudisha liuzwe tena;
mwisho likanunuliwa na yuleyule aliyelilima,
akalibeba kichwani kurudi kwake, anacheka peke yake.

Siku bati la mwisho lilipopigwa msumari
tulivunja la zamani kutoka ndani
na kulitoa vipande vipande kwa mlango wa jipya.
Matofali mengi hayakufika mlangoni.
Yalirudi kuwa udongo mikononi mwetu.
Tukaumwaga kwenye lile shimo.
Mvua ya kwanza, mchwa wakaruka kutoka pale,
wengi, wakaja kwenye taa mpya.

Viti sasa ni mia sita. Vya plastiki, vinakopwa na misiba.
Kengele ni ya kununua;
mbwa hawaijui.

Juzi, Jumamosi, nilikwenda kumuuliza Mama Kalunde tarehe fulani.
Anakaa kwa mwanawe, macho yamefifia.
Tarehe hakuikumbuka.
Giza lilipoingia akainuka, akashika kitanda,
akaanza kusukuma.
Wajukuu wakasema, msamehe, bibi huwa hivi, akili zimechoka.
Niliweka faili chini,
nikashika upande wa miguuni.